Hapana Moshi kwa Mama Feza

Siku niliyoacha kazi, nyinyi wenzangu wa kabare, kilabu chetu cha pombe, mlininunulia kiti cha kukunja na kofia, mkanipigia makofi kama bwana harusi. Kisha mmoja wenu, sitamtaja jina lakini anajijua kwa masikio yake, akaniuliza: "Muzee Shabani, mbona kabare zote za Rumonge watu wanavuta mpaka moshi unatokea madirishani, halafu kwetu mtu akiwasha sigara anapewa ndoo?" Nikamwambia nitaandika. Akacheka. Alidhani mtu aliyebeba trei maisha yake yote hawezi kubeba kalamu. Haya, bwana masikio, soma.

Mshahara sitauzungumzia, ulikuwa mdogo mno, kuutaja ni kuupandisha cheo. Vyeo navyo sina. Nilianza seriveri, mhudumu wa meza, nikamaliza seriveri, na katikati nilikuwa seriveri.

Nilianza majuma machache kabla ya Uhuru. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Waswahili hapa hapa Rumonge, babu yangu alivuka ziwa kutoka Ujiji na msahafu mmoja na wake wawili. Mtoto wa Kiislamu kumimina pombe, mnaweza kufikiria mama yangu alivyopokea habari hiyo. Aliwaambia majirani nauza soda. Kwa kweli soda zilikuwepo, mbili, zimepangwa rafuni tangu zamani kwa ajili ya mapambo. Mimi sikuwahi kuonja pombe hata tone, wallahi, na hiyo ndiyo sababu Mama Feza aliniajiri. "Seriveri mwenye kunywa," alisema, "ni mbuzi mwenye kulinda mihogo."

Mama Feza alikuwa mjane kutoka Uvira, mnene, mweusi, mwenye sauti ya kuita mitumbwi irudi nchi kavu. Siku yangu ya kwanza alinipa ufunguo wa chupa na kitambaa, akanionyesha mtungi wa urwarwa, ile pombe ya ndizi, na mirija yake ya kunyonyea. Akaniambia: "Mambo ni matatu. Mutu akikuita, nenda. Mutu akikutukana, nenda vilevile. Mutu akilia, kaa naye, lakini chupa yake iweke mbali." Sikupata shule nyingine ya kazi hii, na mpaka leo sijaona iliyoizidi.

Kabare ya wakati ule haikuwa hii. Ilikuwa ya kuta za udongo na paa la nyasi, imebanana na kibanda cha mapipa ya mawese. Na watu walivuta! Viko, sigara, tumbaku ya kusokota kwenye karatasi ya sukari. Ukiingia kupeleka bia meza ya mwisho unarudi umekauka kama ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama Feza mwenyewe hakuvumilia moshi hata kidogo. Mtu akiwasha kiko mlangoni, yeye jikoni anakohoa. Lakini alinyamaza, biashara ni biashara.

Ikaja siku ya Uhuru. Ngoma tangu asubuhi, watu wamevaa nguo za sikukuu, kabare imejaa mpaka nje. Mchana bendera ikapita barabarani, watu wote wakasimama kupiga makofi. Sasa kuna bwana mmoja, na hadi leo hakuna aliyekubali kuwa ni yeye, alikuwa na sigara mkononi. Makofi hayapigwi kwa mkono mmoja. Akafanya kama kila mtu wa pwani hii alivyozoea kufanya na kisu, na mswaki, na sindano ya nyavu: akaichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya kichwa chake, ili aichukue baadaye.

Lo! Nyasi za mwezi wa saba, na mawese pembeni. Nchi nzima ilikuwa inapandisha bendera, sisi tunapandisha ndoo. Tuliokoa benchi, mtungi na mlevi mmoja aliyekuwa amelala chini ya benchi, naye aliudhika kwa kuamshwa. Vingine vyote viliteketea, pamoja na zile soda mbili. Mama Feza alisimama barabarani, uso umejaa masizi, akitazama majivu yake, na wapiga ngoma wanampita kwa vifijo. Nilidhani atalia. Akasema: "Sawa. Wao wamepata uhuru wao, na mimi nimepata wangu. Hapana moshi tena kwangu, mpaka nife."

Akajenga upya, mara hii kwa mabati. Pembeni mwa mlango wa mbele akapigilia ubao wenye misumari. Sheria ilikuwa fupi. Ukiingia, kiko chako unakitundika msumarini. Ukitoka, unakichukua. Ukivuta ndani, iwe pumzi moja tu, unapewa ndoo, unakwenda ziwani kuchota maji, unarudi kudeki sakafu mbele ya watu wote. Mkubwa, mdogo, tajiri, shemeji, wote ndoo ni ile ile.

Kelele zilizopigwa! "Juzi Wazungu wameondoka, leo wewe unatuletea ukoloni wa kike!" Mwingine akauliza uhuru gani huu wa kuvutia mvuani kama kuku. Mama Feza akawajibu: "Uhuru iko nje, ni mwingi, hauna paa. Nendeni." Wakaenda kweli, wakahamia kabare ya jirani kwa hasira. Hasira ile ilidumu mpaka upepo ulipogeuka ukawapelekea harufu ya samaki wa Mama Feza, mukeke, juu ya makaa, na pilipili na ndimu. Wakarudi mmoja mmoja, kila mmoja akisema amepita tu kumsalimia Shabani.

Wa kwanza kupewa ndoo alikuwa Melkiori, karani wa komini, ofisi ya serikali hapa mjini, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Aliwasha kiko chake makusudi, meza ya katikati. "Mimi ni mutu wa serikali," alisema. Mama Feza akatoka jikoni na ndoo, akaiweka juu ya meza, katikati ya chupa. "Vizuri. Tuone kama serikali inajua kuchota maji." Melkiori akatazama ndoo, akatazama watu, akavua viatu. Wavuvi walimshangilia kuanzia mlangoni mpaka majini, na kurudi. Basi, tangu siku hiyo hapakuwa na mlinzi wa sheria mkali kuliko yeye. Kiko chake akakiacha msumarini moja kwa moja, usiku na mchana, maana nyumbani mkewe naye alishampiga marufuku. "Hapa angalau," aliniambia, "ninakataliwa na mutu ambaye sikumulipia mahari."

Kesi ngumu ilikuwa Muzee Bukuru. Huyu alikuwa mvuvi wa zamani, mwembamba, mwenye kiko cheusi kilichofungwa waya wa shaba shingoni, kwa kuwa kiliwahi kupasuka naye akakishona kama mtumbwi. Alikitundika bila ubishi. Kisha akaketi, akatoa kibuyu kidogo kama kidole gumba. Ndani mlikuwa na tumbaku iliyolowekwa, maji meusi tii. Akainua kichwa, akamimina puani, akatoa kibano cha mwanzi uliopasuliwa, akajibana pua. Ni mambo ya wazee wa ziwa hili, nyinyi mmekuta yameisha. Akaketi na kibano chake, macho yamelegea kwa raha.

"Bukuru!" Mama Feza akang'aka. "Nilisema nini?"

"Ulisema moshi," akajibu kwa sauti ya bata. "Moshi iko wapi?"

Patamu hapo. Mama Feza akamzunguka, akanusa, akainama kutazama pua. Moshi hakuna. Alikuwa mtu wa haki, akashindwa. Kufika jumamosi kabare nzima ilikuwa imejibana pua, wanaume wazima wamepanga mstari kama nguo kambani, wote wanaongea kama bata, wanagombana kama bata, na mmoja akaposa kama bata na akakataliwa. Shida ilikuja vibano vilipofunguliwa. Mtu akifungua lazima apige chafya, na chafya ile nyeusi inaruka mbali, na mtungi wa urwarwa ulikuwa katikati yao. Sitaeleza zaidi, huenda mnasoma mkiwa mnakula. Mama Feza akaongeza msumari mmoja kwenye ubao, wa vibano.

Mimi ndiye niliyelinda sheria hiyo kila siku, kwa hiyo ngoja niwape ujuzi wangu mmoja, ndio urithi wote nilio nao. Usimtazame mtu mdomoni, mtazame mikono. Mtu anayetaka kuwasha huanza kujipapasa kifuani kama anayetafuta moyo wake. Usimkataze hapo, atakutukana mbele ya wenzake na itabidi atimize tusi lake. Mpelekee sahani ya ndagala, mpe kwa mikono miwili. Kwetu anayepewa kwa mikono miwili hupokea kwa mikono miwili. Mwenye mikono miwili kwenye sahani hawezi kuwasha kiberiti, na akimaliza kula ameshasahau. Nimezima sigara nyingi hivyo, bila ugomvi.

Miaka kumi ikapita. Viko vile vikawa kama watu. Hata ungenifumba macho ningekwambia kwa kupapasa tu, hiki cha fulani, hiki cha fulani. Na si mimi peke yangu, mji wote ulivijua. Mke akimtafuta mumewe haingii ndani, anachungulia ubao, kisha anaanza kupiga kelele au anaendelea na safari yake.

Mwaka wa 1972, mwaka wa mauaji tunaouita ikiza, yaani balaa, sitauandika wote. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo sitawajaza huzuni kwa kurasa hizi. Nitaandika la kabare tu.

Ilikuwa mchana, watu wameketi. Zikasikika bunduki kutoka barabara ya juu, na mayowe. Hakuna aliyetafuta mlango wa mbele. Walitoka wote kwa nyuma, kupitia jikoni, wakateremka ziwani, wakaingia mitumbwini na kupiga makasia kuelekea ng'ambo ya ziwa. Muzee Bukuru alikuwa wa mwisho, aligeuka mara moja, akaangalia mlango wa mbele. Nilijua anaangalia nini. Mama Feza akamsukuma: "Nenda, weye, nitakuwekea!" Akaenda.

Sisi tulibaki. Mama yangu alikuwa na miguu mibovu, sikuweza kumwacha. Mama Feza alisema mtumbwi wa kumbeba yeye haujachongwa. Siku zilizofuata mji ulikuwa kimya, mbwa tu. Nyumbani kwetu, chumba cha nyuma, mama alikuwa amemficha mke wa Muzee Bukuru na wajukuu. Na wake wa wengine walikuwa mtaani humo humo, kwenye vyumba vya nyuma vya watu wengine.

Asubuhi moja askari wakaingia kabare. Wametanguliwa na lietenanti mmoja kijana, msafi, mwenye upole wa kutisha. Aliuliza ni watu gani walikuwa wakinywa hapa, wale waliokimbia na mitumbwi.

"Wateja wangu ni walevi, Afande," Mama Feza akasema. "Hata wao wenyewe hawajui ni watu gani."

Hakucheka. Alikuwa ameuona ubao. Akavitazama viko, vilikuwa saba, akavitoa msumarini kimoja kimoja kama anayechuma matunda. Akakigeuza cha waya wa shaba. "Kila kiko kina mwenyewe," alisema. "Na kila mwenyewe ana nyumba. Nitavipeleka sokoni, nitawauliza watu mmoja mmoja."

Niliogopa. Naandika neno hilo lilivyo. Kule sokoni palikuwa na watu wamewekwa chini ya mtutu, na mtu aliye chini ya mtutu akiulizwa kiko ni cha nani, atasema. Na akisema, watafuata nyumba, na nyumba ya Muzee Bukuru wakati huo ilikuwa chumba chetu cha nyuma.

"Rudisha vitu vyangu," Mama Feza akasema.

"Vyako?"

"Vyangu. Vyote."

"Niliambiwa hapa kwako hairuhusiwi kuvuta."

"Wateja hawaruhusiwi. Mimi ni patroni. Mujane wa miaka yote hii, Afande, ungependa nifanye nini jioni?"

Askari mmoja akacheka. Lietenanti akavipanga viko vyote mezani, akavuta kiti, akaketi. "Basi vuta," akasema. "Nataka kuona."

Mama Feza, aliyekuwa akikohoa kwa moshi wa mlangoni! Hakuwahi kutia kiko mdomoni tangu azaliwe. Alikwenda jikoni, akarudi na kaa la moto, amelishika kwa vidole vitupu, vidole vya mtu aliyegeuza samaki motoni maisha yake yote. Akaketi mbele ya yule kijana, akachukua kiko cha kwanza. Ndani mlikuwa na tumbaku iliyobaki ya mwenyewe. Akaweka kaa juu, akavuta. Akatoa moshi puani, taratibu. Sijui alijifunzia wapi. Nafikiri miaka kumi ya kumkataza mtu jambo inakufundisha jinsi linavyofanywa.

"Hiki ni cha asubuhi," akasema, "baada ya chai." Akakiweka. "Hiki ni cha kuchambua ndagala." Cha Melkiori: "Hiki cha jumapili, ni cha heshima." Macho yalikuwa mekundu, machozi yanamtiririka.

"Unalia nini?" lietenanti akauliza.

"Hiki alininunulia marehemu mume wangu."

Akafika kwenye cha waya wa shaba. Tumbaku ya Muzee Bukuru ilikuwa kali, ya kuua mbu. Akavuta, nikaona shingo yake inavimba. Miaka kumi nimekaa na mwanamke yule, nilijua kikohozi chake kabla hakijatoka. Nilikuwa nimesimama na trei ya chupa tupu. Nikaiachia.

Chupa zililia kama mwisho wa dunia. Bunduki zote zikanigeukia. Niliinua mikono, nikasema, "Samahani, mikono iko na mafuta." Na Mama Feza akasimama, akanitukana. Sijawahi kutukanwa vile, kwa Kiswahili, kwa Kibembe, kwa lugha ambazo hata yeye hakuzijua. Ng'ombe, jiwe, mwana wa chura! Na ndani ya kila tusi alikuwa anakohoa, anakohoa kwa nguvu zake zote, anakohoa miaka kumi, na mtu asiyemjua angedhani ni hasira tu. Alipomaliza, mapafu yalikuwa safi. Akaketi, akamalizia kiko cha Muzee Bukuru mpaka majivu, na vilivyobaki baada yake.

Mimi nikajikuta jikoni. Mikono iliifanya kazi iliyoijua. Nikamletea lietenanti sahani ya ndagala, kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaipokea kwa mikono miwili, maana naye alikuwa na mama yake mahali fulani. Akala kidogo, akasimama, akavisukuma viko upande wa Mama Feza. "Huyu mama ni wazimu," akawaambia askari wake. Wakaondoka.

Tulisikiliza mpaka gari lao lilipoacha kusikika. Mama Feza alikuwa rangi ya majivu. Akaniuliza: "Shabani. Nani amevuta humu ndani?"

Nikamwambia, "Ni weye, Mama."

"Basi leta ndoo."

Nilidhani anataka kutapika, na kweli alitapika, lakini nje. Kisha akabeba ndoo kwenda ziwani. Nilimfuata nikimsihi nimsaidie, akanisukuma. Ufuko mtupu, hakuna hata mtumbwi mmoja, na mama mnene yule anachota maji, mkanda wa kitenge umelegea, anayumba. Akarudi, akapiga magoti, akadeki sakafu yote pamoja na chini ya meza, na mimi nikiokota vigae. "Sheria ni msumeno," akasema, "inakata mbele na nyuma." Akavirudisha viko msumarini, kila kimoja mahali pake. Alilala siku mbili, anaona dunia ikizunguka, na akaniapisha kwamba nikimtajia mtu yeyote alivuta tumbaku atanifukuza kazi. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na mimi nimekwisha kustaafu.

Baadaye waliorudi walirudi. Mmoja alikuja baada ya miaka, akaingia, akanyoosha mkono bila kuangalia, akatoa kiko chake msumarini, ndipo akatusalimu, amahoro. Melkiori hakuwa kwenye mitumbwi. Alikuwa ofisini kwake siku ile, na hakutoka huko kuja kwetu wala kwenda kwa mkewe. Kiko chake mnakiona kila siku, kile cha jumapili.

Mke wa Muzee Bukuru tulimpitisha na wajukuu kupitia Kabonga, kule mpakani, hadi ng'ambo, ambako tulisikia mzee anavua samaki tena. Usiku wa kuondoka, Mama Feza alimpa kile kiko ampelekee mumewe. Yule mama akakisukuma. "Murakoze, lakini hapana," akasema. "Nikimupelekea, atatulia huko. Akikitaka aje mwenyewe." Tangu hapo hatujapata habari zao.

Basi, bwana masikio, umejibiwa. Atakayewasha humo ndani, awe waziri, mpe ndoo. Lakini akija mtu kutoka ng'ambo ya ziwa, kama si Muzee Bukuru mwenyewe basi mwanawe au mjukuu, akaulizia kiko cha waya wa shaba, msimtoe nje. Mkalisheni meza ya katikati, mleteeni kaa la jikoni, avute humo humo mpaka atosheke. Halafu mtume mtu aje kuniita hapa kwenye kiti changu cha kukunja. Ndoo nitaibeba mimi.